Zifike Kavu

Rimu moja ya karatasi za A4 ina kilo mbili na nusu. Hesabu yake ni nyepesi ukishaijua: karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba, A4 ni sehemu yake ya kumi na sita, na karatasi nyingi tunazouza madukani ni za gramu 80 kwa mita ya mraba. Gawa 80 kwa 16, unapata gramu 5 kwa karatasi moja. Zidisha kwa 500. Katoni yenye rimu tano ni kilo 12 na nusu, na katoni 80 zinatimiza tani. Mimi niliijua hesabu hii kwa mgongo kabla ya kuijua kwa kalamu, enzi zile nikisaidiana na vijana kushusha katoni kwenye lori na kuziingiza dukani, Mwanga, hapa Kigoma mjini.

Watu wanaotaka kuagiza vifaa vya ofisi na shule kutoka nje huniuliza kwanza bei ya kiwandani. Ni swali la haki. Lakini mimi huwarudishia swali jingine: mzigo wako una kilo ngapi, na unakula nafasi kiasi gani? Asiyeweza kujibu hilo, bei ya kiwandani haitamsaidia. Karatasi ni nzito, na karatasi inakunywa maji. Karibu kila hasara niliyowahi kuipata katika kazi hii imetoka kwenye moja ya mambo hayo mawili.

Kwa miaka nilinunua Kariakoo, kama kila mwenye steshenari huku kwetu. Unasafiri, unazunguka siku mbili tatu, unafunga mzigo, unaukabidhi kwa wasafirishaji, unarudi nyumbani kuusubiri. Sina neno baya juu ya Kariakoo. Kwa duka dogo bado ndiko mahali pa kununulia, na mtu mwenye mtaji wa milioni mbili tatu akiniuliza kama aagize China, namwambia asithubutu. Kilichotusukuma sisi ni ukubwa wa oda. Halmashauri zinanunua kuanzia Julai, mwaka mpya wa fedha unapofunguka. Mashirika yaliyohudumia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta yalitaka madaftari kwa maelfu. Juu ya hao kuna wenzetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wa Kalemie, Uvira na Bujumbura, ambao wakija hawanunui rimu moja. Tukakaa wanne, watatu wa hapa mjini na mmoja wa Kasulu, tukaweka fedha pamoja.

Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo kama 33 ndani. La futi 40 lina kama 67. Nauli ya la futi 40 haifiki mara mbili ya la futi 20, kwa hiyo mtu anayeanza huona jibu liko wazi: chukua kubwa. Kwa karatasi jibu hilo ni kosa. Mita moja ya ujazo ya katoni za A4 inakaribia kilo 700, ilhali kontena pamoja na kilichomo haliruhusiwi kuzidi tani 30.48, na la futi 40 likiwa tupu tayari lina karibu tani 4. Ukilijaza rimu, uzito utagota wakati ndani pamejaa nusu na kidogo, na nafasi iliyobaki umeilipia nauli ya kubeba hewa. Boksi faili ni kinyume chake. Mita moja ya ujazo inabeba kama 130, na zote pamoja hazifikishi kilo mia. Ukizisafirisha peke yake utajaza kontena zima, meli isihisi kitu.

Hivyo tulijifunza kuchanganya. Rimu na kaunta buku chini, kwa sababu ndizo zinazoweza kubeba mzigo mgongoni. Boksi faili, bahasha na mikebe ya hesabu juu. Kontena moja la mchanganyiko uliopangwa vizuri linashusha gharama ya kila kitu kilichomo, na ninaamini hapo ndipo faida ya muuza steshenari ilipo. Ubishi wa senti mbili tatu na kiwanda ni jambo dogo ukilinganisha.

Mwaka wa kwanza hatukuwa na mzigo wa kujaza kontena. Tukachangia na watu wengine, kupitia mkusanyaji wa mizigo huko huko China. Katika utaratibu huo unalipia kwa mita ya ujazo, sibiemu kama wanavyosema watu wa mizigo, au kwa tani, ile inayotoa hela nyingi zaidi. Ni utaratibu mzuri kwa anayeanza. Ubaya wake ni kwamba huchagui jirani. Katoni zako zinaweza kulala mwezi mzima bega kwa bega na kitu usichokijua, ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa.

Mzigo wetu ulipakiwa Ningbo mwezi wa kumi na mbili, wakati wa baridi kule. Meli ikateremka kusini, ikapita mlango wa bahari wa Malaka, ikaingia Bahari ya Hindi, joto likipanda kila siku. Mle ndani kulikuwa na mzigo wa mtu mwingine umekaa juu ya pali, yale majukwaa ya kupangia mizigo, za mbao mbichi. Mbao zilikuwa na muhuri wa kimataifa unaothibitisha kwamba zimepashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30, na muhuri ule ulikuwa wa kweli. Lakini muhuri huo unazungumzia wadudu. Hausemi lolote juu ya ukavu wa mbao. Joto la mchana likayafukuza maji kutoka kwenye mbao, usiku bati la juu likapoa, mvuke ukagandia pale na kudondoka. Mabaharia huita hali hiyo jasho la kontena, na hakuna tone la bahari linalohitaji kuingia ili itokee.

Wakala wetu wa forodha alinipigia simu akiwa kwenye bandari kavu, Dar es Salaam.

"Dada, mzigo upo wote. Idadi imetimia. Ila katoni za juu zimelegea."

"Zimelegea vipi, kaka?"

"Ukizishika zinabonyea."

Rimu nyingi zilipona, maana karatasi yake ya kufungia ina utando wa plastiki kwa ndani. Zilizopasuka kona ndizo zilizoharibika, na uharibifu wa karatasi hauonekani hadi uiweke kwenye mashine: inajikunja pembeni kama wimbi, fotokopi inakwama kila baada ya kurasa kumi. Madaftari yalivimba. Kilichoniumiza zaidi ni bahasha. Zile za khaki zenye gundi ya kulamba, boksi baada ya boksi, zilikuwa zimejifunga zenyewe. Unaichukua bahasha mpya kabisa, haijawahi kubeba barua, na tayari imezibwa. Nilikaa chini ghalani nikijaribu kuzibandua moja moja kwa kisu kidogo. Zilichanika.

Bima tulikuwa nayo. Tulichokuwa hatujafanya ni kuisoma. Bima ya mizigo ya baharini ina masharti ya madaraja matatu, A, B na C. C ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na inalipa misiba mikubwa tu: meli ikiungua, ikizama, ikipanda mwamba, ikigongana na nyingine, na mingine ya namna hiyo. Jasho la kontena halimo. Anayesafirisha chuma chakavu anaweza kulala usingizi na daraja C. Anayesafirisha karatasi, kwa maoni yangu, afadhali apunguze mzigo ili apate fedha za kulipia A. Hilo nalisema kwa uchungu na sitalibadilisha.

Tangu mwaka ule kuna mambo tunayosimamia sisi wenyewe bila kumwachia mtu. Tunalipa kontena letu peke yetu, hata kama lina nafasi imebaki. Kabla ya kupakia, kijana wetu wa kule anaingia ndani, milango inafungwa, anasimama gizani dakika moja kutafuta mwanga. Panapopita mwanga panapita mvua. Anatuma picha ya sakafu na ya dari. Pali ni za plastiki, au za mbao zilizokaushwa tukazipima. Madaftari yote yanafungwa nailoni ya kubana. Pembeni tunaning'iniza mifuko ya kemikali inayovuta unyevu, yenye kloridi ya kalsiamu. Ikifika Dar huwa imejaa maji kama viriba, na nikiiona imejaa nafurahi, kwa sababu maji hayo yangekuwa kwenye madaftari. Bahasha siku hizi naagiza zile za kubandua utepe. Ni ghali kidogo.

Sasa suala la kalenda, ambalo limewamaliza wenzetu wengi kuliko maji. Shule zetu zinafunguliwa Januari. Mzazi hanunui daftari Machi. Mwaka Mpya wa Kichina unaangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, na kabla yake kila mwagizaji duniani anakimbilia kupakia, nafasi melini inakuwa adimu, nauli inapanda. Baada yake viwanda vinakaa kimya kwa wiki kadhaa. Kuna na mapumziko mengine yanayoanza tarehe 1 Oktoba. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Desemba, mzigo uwe umefika Kigoma: toa siku za treni au lori, toa siku za forodha, toa mwezi na zaidi wa baharini, maana meli nyingi hazinyooshi hadi Dar bali zinahamishia makontena kwenye bandari kama Singapore au Colombo, toa siku za kiwanda kuchapa majalada. Unakuta oda ya Januari inatakiwa iwe imeshalipiwa malipo ya awali mwezi wa saba. Mwezi ule ule ambao halmashauri hazijaanza kulipa na fedha yako yote iko kwenye madeni.

Bahari nayo ina habari zake. Mwishoni mwa 2023 meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu kwa hofu ya vita na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, nilijiambia hayatuhusu, kwa kuwa njia ya China kuja Dar haipiti huko. Yalituhusu. Safari ndefu za kwenda Ulaya zilimeza meli na makontena, waliobaki tukagombania kilichosalia, na nauli yetu ikapanda pamoja na ya wengine. Mwalimu mkuu mmoja kutoka Uvinza alikuja dukani akaniuliza kwa upole kwa nini kaunta buku ya kwaya 3 imepanda. Nilimweleza habari za Bahari ya Shamu. Alisikiliza hadi mwisho, akatoa hela, akasema, "Basi mama, na vita vya watu vinafika Uvinza."

Forodha ningependa kuipita haraka, lakini kuna jambo moja la steshenari ambalo wauza bidhaa nyingine hawalijui. Kontena la mchele lina mstari mmoja kwenye tamko la forodha. La kwetu lina mistari mingi ajabu. Karatasi tupu ina namba yake ya ushuru, 4802. Madaftari na vitabu vya risiti viko 4820. Peni ziko 9608, penseli na chaki zinalala pamoja 9609. Ufutio wa mpira unahesabiwa na bidhaa za mpira, sura ya 40. Kichongeo kina wembe, kwa hiyo kinakwenda kukaa na visu, sura ya 82. Stepla ni mashine ya ofisi, 8472, ila pini zake ziko 8305. Kila mstari una kiwango chake katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, na ushuru unapigwa kwenye thamani yenye bima na nauli ndani yake, kisha VAT ya asilimia 18 inakuja juu. Muuzaji wa China akikuandikia "vifaa vya ofisi, katoni 900" kwenye ankara, amekuandalia wiki ya mateso bandarini. Mimi humrudishia mpaka aandike kitu kimoja kimoja, idadi, uzito na malighafi. Cheti cha ubora kinachotakiwa na TBS, shirika letu la viwango, nacho kinashughulikiwa kule kule kabla mzigo haujaondoka, siyo ukiwa umeshafika.

Na vimiminika viwe mbali. Wino mweupe wa kufutia, baadhi ya maka peni, gundi za harufu kali: vingi vinatumia viyeyusho vinavyoshika moto, na melini hivyo ni mzigo wa hatari wa daraja la 3, wenye hati zake na nauli yake. Kuna watu huvichomeka katikati ya madaftari bila kusema. Moto ukizuka baharini kuna watu mle ndani hawana pa kukimbilia. Vitu hivyo mimi nanunua Dar.

Kutoka Dar hadi hapa kwa reli ni kilomita zipatazo 1,250. Huwa nasikia watu wakisema mzigo "umefika" ukishatoka bandarini. Kwetu hapo ndipo safari inaanza upya. Karatasi naipenda ije kwa treni. Behewa halijali tani, na kitu kizito kisicho na haraka ndicho reli ilichoumbiwa. Lori natumia kwa vitu vyepesi, na kwa Desemba ikibana. Wakati wa masika reli ya kati imewahi kukatwa na maji, kwa hiyo mzigo wa mwezi wa tatu nauwekea siku za ziada kichwani.

Nikiwa stesheni nasubiri behewa, macho huenda bandarini, kwa Liemba. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata meli ile ilishushwa ziwani, jina lake likiwa Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikafungwa ndani ya masanduku kama 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kuja huku kuunganishwa upya. Njia ile ile ya rimu zangu. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe wasije wakanyang'anywa, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mafundi wale nawaheshimu sana. Walijua kitu kinakwenda majini, wakakiandaa kwa maji wakati bado kiko kikavu.

Unyevu haukomei baharini pia. Hapa kwetu mvua zinaanza mwezi wa kumi na kwenda hadi wa nne au wa tano, na hewa ya ziwa inaingia ghalani kila jioni. Katoni zangu hazigusi sakafu wala ukuta. Rimu haifunguliwi kuonyeshwa mteja. Anayetaka kuona karatasi namwonyesha sampuli iliyo kaunta. Vijana walikuwa wakiona ni ukali wa bure, hadi nilipomwita mmoja wao nikamwonyesha zile bahasha. Nimetunza boksi moja.

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kalemie, mteja wangu wa miaka, alichukua katoni 60 za A4 na magunia ya madaftari. Makubaliano yangu na yake ni ya maneno tu. Tulikwenda naye Kibirizi asubuhi, boti la mbao limeshaegeshwa, wabebaji wanaingia majini hadi magotini wakiwa na katoni begani. Nilikuwa nimefunga kila katoni kwenye nailoni mbili, mdomo wa ya kwanza ukiangalia chini, wa ya pili ukiangalia juu. Nahodha akaona nachelewesha.

"Mama, ziwa limetulia leo. Turubai lipo."

"Shikamoo mzee. Naliona turubai. Niachie hizi kumi na mbili zilizobaki."

Akanyamaza, akamwambia kijana wake aniletee kamba. Tukapanga katoni juu ya mbao katikati ya boti, mbali na maji yanayokusanyika chini, madaftari juu yake, turubai juu ya vyote. Nikasimama ufukweni mpaka boti likawa dogo.

Siku ya pili yake usiku, simu ikaingia ujumbe kutoka ng'ambo. "Zimefika, dada. Nimefungua mbili za chini kabisa. Kavu."